Jinsi Sumaku Inavyopiga Picha ya Mifereji ya Nyongo na Kongosho kwa Muda wa Pumzi Moja

Katika mikoa inayolizunguka Ziwa Viktoria upande wa Tanzania, Shinyanga na Geita zikiwamo, ugonjwa wa selimundu umeenea kuliko ilivyo katika sehemu nyingi za dunia. Uchunguzi wa damu ya watoto wachanga uliofanywa na watafiti wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando, Mwanza, pamoja na wenzao wa Cincinnati, Marekani, ukachapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba karibu mtoto 1 katika kila watoto 5 alikuwa amerithi jeni moja ya selimundu, na mtoto 1 hivi katika kila watoto 100 alikuwa na ugonjwa wenyewe. Ugonjwa huu hujulikana zaidi kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Lakini yako madhara yake mengine ambayo hayazungumzwi sana, nayo ni mawe katika mfuko na mifereji ya nyongo.

Chembe nyekundu ya damu ya mtu mzima asiye na ugonjwa huishi siku 120 hivi. Chembe ya mgonjwa wa selimundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Kila chembe ivunjikapo, himoglobini iliyomo hugeuzwa kuwa rangi ya manjano iitwayo bilirubini, ambayo ini huichuja na kuitoa pamoja na nyongo. Madhali chembe nyingi huvunjika kila siku, bilirubini huwa nyingi kupita kiasi, nayo hushikamana na chokaa na kuganda kuwa mawe madogo meusi. Jiwe likitoka katika mfuko wa nyongo na kunasa katika mfereji, nyongo huzuiwa, na mgonjwa huwa katika hatari ya kuoza kwa mfereji, ya sumu kuingia damuni na ya kongosho kuvimba.

Hapa ndipo penye fumbo la daktari. Macho ya mgonjwa wa selimundu aghalabu huwa na umanjano hata siku asizoumwa, kwa sababu ya kuvunjika kwa chembe za damu. Basi mtoto akiletwa kutoka Songwa, Wilaya ya Kishapu, macho yakiwa ya manjano na tumbo likimuuma upande wa kulia, yafaa iulizwe: je, umanjano huo ni ule wa siku zote, au kuna jiwe lililoziba mfereji? Jibu la kwanza humrudisha nyumbani na dawa. Jibu la pili humpeleka kwa daktari wa upasuaji, na kuchelewa kwake kwaweza kugharimu maisha. Rangi ya choo husaidia, kwani mfereji ukizibwa kabisa choo hupauka na mkojo huwa mweusi kama chai ya rangi. Lakini jiwe linaloziba nusu laweza lisionyeshe dalili hizo. Hakuna budi mfereji wenyewe uonekane.

Makala haya yanaeleza jinsi nguvu ya sumaku inavyoutumia ute uliomo ndani ya mifereji hiyo kuipiga picha, na jinsi kazi iliyokuwa ikichukua dakika nyingi ilivyopunguzwa mpaka ikatoshea katika pumzi moja.

MIFEREJI YENYEWE

Ini la mtu mzima hutoa nyongo kiasi cha nusu lita hadi lita 1 kwa siku. Nyongo hiyo huanza safari yake katika vijifereji vidogo mno ndani ya ini. Vijifereji huungana kama vijito viunganavyo kuwa mto, mpaka upatikane mfereji mkuu mmoja wenye upana wa milimita 6 hivi. Mfuko wa nyongo umeshikamana na mfereji huo kwa tawi jembamba. Kwa upande mwingine, kongosho nayo ina mfereji wake, wenye upana usiozidi milimita 3 hivi, unaochukua maji ya kusaga chakula. Kwa watu wengi mifereji hii miwili hukutana karibu na mlango mmoja unaoingia katika utumbo mwembamba.

Kutokana na kukutana huko, jiwe dogo likinasa mlangoni laweza kuziba mifereji yote miwili kwa pamoja. Vilevile uvimbe wa saratani ukianza katika kichwa cha kongosho huubana mfereji wa nyongo unaopita hapo. Ripoti ya Bugando iliyochapishwa mwaka 2011 kuhusu wagonjwa 116 waliopata umanjano wa kuzibika kwa mifereji ilionyesha kwamba saratani ya kichwa cha kongosho iliongoza miongoni mwa visababishi vya saratani, na mawe ya mfereji mkuu yaliongoza miongoni mwa visababishi vingine. Minyoo ya tumbo aina ya askari nayo huweza kupanda kutoka utumboni na kujipenyeza katika mfereji wa nyongo.

NJIA ZILIZOTANGULIA

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi, yaani picha ya mwangwi wa sauti isiyosikika kwa sikio. Ni rahisi, haina madhara, na huyaonyesha vizuri mawe yaliyomo katika mfuko wa nyongo. Udhaifu wake ni kwamba mawimbi ya sauti hayapiti vizuri penye hewa. Sehemu ya chini ya mfereji mkuu, ambamo mawe hupenda kunasa, imefunikwa na utumbo wenye gesi. Kwa hiyo mara nyingi haionekani.

Njia ya pili ilianza mwaka 1968, daktari William McCune na wenzake nchini Marekani walipofaulu kupitisha mpira wenye kioo kinywani hadi utumboni, wakaingiza dawa katika mlango wa mifereji na kupiga eksirei. Njia hii ina faida kubwa: daktari aweza kulitoa jiwe papo hapo. Lakini wagonjwa 3 hadi 10 hivi katika kila 100 huvimba kongosho baada yake, na wachache hufa. Si busara kumwingiza mtu katika hatari hiyo kwa ajili ya kutazama tu, iwapo huenda hana jiwe lolote.

Kilihitajika chombo kiwezacho kutazama bila kugusa. Chombo hicho ni MRI, na kipimo chake cha mifereji hii hujulikana hospitalini kwa herufi MRCP.

SUMAKU NA MAJI

Sehemu kubwa ya mwili wa binadamu ni maji, na kila molekuli ya maji ina atomi mbili za haidrojeni. Kiini cha atomi ya haidrojeni ni protoni moja, nayo protoni hiyo hufanya kazi kama sumaku ndogo sana. Kwa kawaida sumaku hizo zimeelekea huku na huku bila mpango. Mtu akilazwa ndani ya sumaku kubwa, protoni chache zinazozidi upande mmoja huufuata uga wa sumaku hiyo. Katika sumaku ya tesla 1.5, ambayo nguvu yake ni zaidi ya mara 30,000 ya ile ya sumaku ya dunia inayogeuza dira, ziada hiyo ni protoni 5 hivi tu katika kila milioni 1. Ni chache, lakini kijiko kimoja cha maji kina molekuli nyingi mno hata uchache huo ukatosha.

Protoni zilizo katika uga wa sumaku huyumba kama pia inayozunguka. Idadi ya miyumbo kwa sekunde hutegemea nguvu ya sumaku: milioni 42.58 kwa kila tesla 1. Kwa tesla 1.5 hesabu ni hii:

42.58 × 1.5 = 63.87

Yaani megahezi 64 hivi. Hayo ni mawimbi ya redio, chini kidogo ya bendi ya FM inayoanza karibu na megahezi 88. Mashine ikituma wimbi la redio la megahezi hizo, protoni hulipokea na kulala upande; wimbi likikoma, protoni hurudisha wimbi lao wenyewe, nalo hupokewa kwa antena zilizowekwa juu ya tumbo la mgonjwa. Ndiyo sababu chumba cha mashine hufunikwa kwa shaba pande zote, redio za mjini zisije zikaingilia.

Jambo hili liligunduliwa mwaka 1946 na Felix Bloch na Edward Purcell, kila mmoja katika maabara yake huko Marekani, nao walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 1952. Mwaka 1973 Paul Lauterbur alionyesha kwamba uga ukifanywa uwe na nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mawimbi yanayorudi huweza kueleza yametoka mahali gani, na kwa hiyo picha yaweza kuchorwa. Yeye na Peter Mansfield wa Uingereza walipewa Tuzo ya Nobeli ya Tiba mwaka 2003.

KWA NINI NYONGO HUNG'AA

Wimbi linalorudishwa na protoni halidumu. Hufifia kwa mpango ule ule wa kupungua kwa nusu ambao mwanafunzi ameuona katika somo la vitu vyenye mnururisho. Tofauti ni kwamba muda wa kupungua kwa nusu hutegemea mahali protoni ilipo. Katika nyama ya ini, maji yamebanwa na protini na kuta za seli, na wimbi hufifia upesi. Katika nyongo na maji ya kongosho, molekuli hujigeuza kwa uhuru, na wimbi hudumu.

Na ichukuliwe, kwa ajili ya hesabu, kwamba wimbi la ini hupungua kwa nusu kila milisekunde 35, na wimbi la nyongo kila milisekunde 350. Mashine ikingoja milisekunde 700 kabla ya kusikiliza, nyongo itakuwa imepungua nusu mara 2, na ini nusu mara 20:

Nyongo: ½ × ½ = 1/4
Ini: ½ ikizidishwa mara 20 = 1/1,048,576

Kwa maneno mengine, robo ya wimbi la nyongo imebaki, lakini wimbi la ini limekwisha, halikufika hata sehemu moja ya milioni. Picha inayotokea huwa nyeusi kila mahali isipokuwa penye ute. Mifereji huonekana kama mti mweupe usio na majani, na jiwe huonekana kama tundu jeusi ndani ya tawi. Hakuna dawa iliyodungwa, wala mpira uliopitishwa, wala eksirei. Njia hii ya kuitazama mifereji ilielezwa mwaka 1991 na Björn Wallner na wenzake wa Ujerumani.

Mwanafunzi aweza kuuliza: damu nayo ni maji, mbona mishipa haing'ai? Jibu ni kwamba damu inakwenda. Tone la wino likidondoshwa katika maji yaliyotuama pembezoni mwa Bwawa la Songwa hubaki karibu na pale lilipoangukia. Likidondoshwa katika mto uliojaa wakati wa masika, huchukuliwa mara moja. Vivyo hivyo protoni za damu huwa zimekwishaondoka mahali pale kabla mashine haijasikiliza. Nyongo hutiririka polepole mno, na kwa kipimo hiki huhesabiwa kuwa imetuama.

TATIZO LA MUDA

Mashine ya MRI haipigi picha kwa mara moja kama kamera. Huikusanya kwa mistari, na kila mstari ni kipimo cha wimbi lililotoka katika picha nzima. Kompyuta huichanganua mistari hiyo yote na kuigeuza picha. Picha ya kawaida huhitaji mistari 256. Ikiwa kila mstari hungoja sekunde 3 ili protoni zirudi katika hali yake ya kwanza, basi muda wake ni huu:

256 × 3 = sekunde 768, yaani dakika 12 na sekunde 48

Katika dakika hizo mgonjwa huvuta pumzi mara 200 hivi. Kila avutapo, kiwambo cha tumbo hushuka na ini husogea sentimita 1 hadi 2, au zaidi. Jiwe linalotafutwa lina milimita 3 au 4. Kitu kinachosogea mara tano ya upana wake hakiwezi kuonekana, sawasawa na maandishi yasomwayo ndani ya basi linalorukaruka katika barabara mbovu. Kwa mtoto mwenye maumivu, anayehema upesi na asiyeweza kutulia, hali huwa mbaya zaidi. Kwa sababu hiyo, kuharakisha kipimo hiki si suala la kuokoa muda tu, bali huamua kama jiwe litaonekana au halitaonekana.

NJIA ZA KUHARAKISHA

Njia ya kwanza: mwangwi mwingi kwa wimbi moja. Mwaka 1986 Jürgen Hennig na wenzake wa Freiburg, Ujerumani, walieleza kwamba baada ya kuzilaza protoni mara moja, zaweza kupigwa mawimbi mengine mafupi yanayozifanya zitoe mwangwi baada ya mwangwi. Kila mwangwi ukitumika kwa mstari wake, basi mwangwi 16 huleta mistari 16 kwa muda uliokuwa ukileta mmoja. Sekunde 768 hugeuka sekunde 48. Ini haliwezi kutoa mwangwi mwingi kiasi hicho kwa sababu wimbi lake hufa upesi, nyongo yaweza. Sifa ile ile inayoifanya nyongo ing'ae ndiyo inayoiruhusu ipigwe picha upesi.

Njia ya pili: nusu ya mistari. Mistari ya upande mmoja wa mkusanyo hufanana na ya upande wa pili kama mkono wa kulia na wa kushoto. Ikikusanywa nusu na ziada kidogo, tuseme mistari 140, kompyuta huweza kukadiria iliyosalia. Mwangwi ukija kila milisekunde 4, mistari 140 hukamilika kwa milisekunde 560. Picha moja ya bapa moja la tumbo hupatikana kwa chini ya sekunde 1. Hata hivyo mabapa 20 hayapigwi pamoja, na baina ya bapa moja na jingine pumzi yaweza kulisogeza ini, jiwe likaangukia katika pengo.

Njia ya tatu: antena nyingi. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake wa Zurich, Uswisi, walichapisha njia ya kutumia antena kadhaa zilizolizunguka tumbo. Kila antena husikia zaidi upande ulio karibu nayo, kama vile watu waliokaa pembe mbalimbali za uwanja wanavyoweza kueleza ngoma inalia wapi. Kwa kuwa mahali tayari panajulikana kwa sehemu, mistari hupunguzwa nusu, au hata zaidi.

Njia ya nne: mistari michache kwa picha yenye weusi mwingi. Hii ndiyo iliyoleta mageuzi makubwa, na msingi wake ni hisabati. Mwaka 2006 David Donoho, na kwa upande mwingine Emmanuel Candès, Justin Romberg na Terence Tao, walithibitisha kwamba kitu chenye habari chache chaweza kujulikana kwa vipimo vichache kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2007 Michael Lustig, Donoho na John Pauly walionyesha jinsi ya kuitumia kanuni hiyo katika MRI.

Mfano wa darasani utaisaidia kueleweka. Makopo 16 yamepangwa mezani, na moja tu lina punje ya dhahabu. Mtu akifunua kopo moja moja, huenda akafunua 15 kabla ya kuwa na hakika. Lakini akiruhusiwa kuuliza swali linalohusu makopo mengi kwa pamoja, kama vile "Je, punje imo katika makopo 8 ya kwanza?", maswali 4 yatatosha, kwa kuwa kila jibu hupunguza nusu ya makopo yanayoshukiwa. Masharti ni mawili: dhahabu iwe katika makopo machache, na kila swali liguse makopo mengi. Picha ya mifereji ya nyongo hutimiza masharti yote mawili. Karibu picha yote ni nyeusi, mifereji ikiwa sehemu ndogo tu. Na kila mstari wa MRI, kama ilivyokwisha kuelezwa, ni kipimo cha picha nzima.

HESABU YA PUMZI MOJA

Ili jiwe lisianguke katika pengo baina ya mabapa, hupendelewa kupima donge zima la tumbo kwa pamoja, kwa marefu, mapana na kina. Na ichukuliwe kwamba donge hilo lina mistari 256 kwa tabaka 64:

256 × 64 = mistari 16,384

Kila pigo la mashine likileta mwangwi 128, patahitajika mapigo 128. Kwa njia ya zamani mgonjwa huachwa apumue, na mashine hupiga pigo moja tu kila anapomaliza kutoa pumzi. Ikiwa kila pumzi huchukua sekunde 4:

128 × 4 = sekunde 512, yaani dakika 8 na sekunde 32

Antena nyingi zikipunguza mistari nusu, hubaki dakika 4 na sekunde 16. Mgonjwa akipumua bila utaratibu, muda huo huongezeka, na picha huharibika.

Sasa itumike njia ya nne, na mstari 1 tu upimwe katika kila 16:

16,384 ÷ 16 = mistari 1,024
1,024 ÷ 128 = mapigo 8

Mgonjwa akiizuia pumzi, hakuna haja ya kungoja. Mapigo yaweza kufuatana kila sekunde 2. Kwa hiyo 8 × 2 = sekunde 16. Huo ni muda ambao mtu wengi wa watu wazima, na hata mtoto wa shule aliyeelekezwa vizuri, aweza kuizuia pumzi. Vipimo vya namna hii, vya chini kidogo ya sekunde 20, vimejaribiwa katika hospitali kadhaa duniani tangu miaka ya 2010.

Katika miaka ya karibuni imeongezwa njia ya tano, ya akili bandia. Kompyuta huonyeshwa maelfu ya picha kamili, ikajifunza mifereji inavyokuwa kwa kawaida, kisha hupewa mistari michache na kuijaza iliyokosekana.

BEI YA HARAKA

Hakuna kinachoharakishwa bila kulipiwa. Mistari ikipunguzwa, ubora wa wimbi dhidi ya makelele hushuka kwa kipeuo cha pili cha upunguzaji huo: mistari ikiwa robo, ubora huwa nusu. Vijifereji vyembamba vya ndani ya ini ndivyo vinavyopotea kwanza, kwani wimbi lake ni dogo. Kanuni ya picha yenye weusi mwingi nayo huweza kulainisha mno, hata kingo za jiwe dogo zikafifia. Akili bandia ina hatari nyingine: iliyofundishwa kwa picha za watu wa nchi moja yaweza kujaza sehemu iliyokosekana kwa jambo lililozoeleka huko, wala si kwa lililomo katika tumbo la mgonjwa aliye mbele yake. Kwa hiyo mtaalamu mwangalifu hutazama pia mabapa ya kawaida, hasa anapotafuta jiwe lililo chini ya milimita 5. Mgonjwa akishindwa kuizuia pumzi, njia ya polepole bado ina nafasi yake.

Zaidi ya hayo, mashine zenyewe ni chache na huwa katika hospitali kubwa. Kutoka mjini Shinyanga hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 150 kwa barabara. Mahali ambapo wagonjwa wengi hungojea mashine moja, kila dakika 8 zinazookolewa ni nafasi ya mtu mwingine.

MGONJWA MBELE YA MASHINE

Mgonjwa hutakiwa asile kwa saa kadhaa, ili mfuko wa nyongo ujae na tumbo lisiwe na maji. Hata hivyo maji kidogo ya tumboni hung'aa kama nyongo na huifunika mifereji. Hospitali nyingine hutumia dawa rahisi, nayo ni maji ya nanasi, tunda linalostawi Geita. Nanasi lina madini ya manganizi, ambayo atomi zake zina nguvu ya sumaku. Zikichanganyika na maji ya tumboni hufanya wimbi lake lifie upesi, na tumbo huwa jeusi pichani.

Jambo la pili ni la usalama, nalo lawahusu zaidi wakazi wa ukanda wa machimbo. Sumaku hii haizimwi hata usiku. Chuma chochote kilicho karibu huvutwa kwa nguvu: mkasi, mtungi wa gesi, hata baiskeli. Mchimbaji mdogo aliyepasua mwamba kwa nyundo na tindo, au fundi aliyechomelea vyuma, aweza kuwa na kibanzi kidogo cha chuma ndani ya jicho bila kujua. Ndani ya sumaku kibanzi hicho chaweza kusogea na kumpofusha. Kwa hiyo yapasa aulizwe kazi yake, na ikiwa pana shaka, jicho lipigwe eksirei kwanza. Dhahabu safi haivutwi na sumaku, lakini mapambo yote huvuliwa.

Sumaku yenyewe ni waya uliopoozwa kwa heli ya maji hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, na hapo umeme hupita bila kizuizi chochote. Wanafunzi wa Tanzania watafurahi kujua kwamba mwaka 2016 watafiti wa Vyuo Vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwapo kwa heli nyingi katika Bonde la Ufa la Rukwa.

JARIBIO LA DARASANI

Vifaa: punje 128 za choroko au dengu, zigawanywe mafungu mawili ya punje 64. Fungu moja liitwe "ini", la pili "nyongo". Mwanafunzi mmoja apige makofi kwa mwendo sawa. Kila kofi, nusu ya fungu la ini iondolewe. Kila makofi 10, nusu ya fungu la nyongo iondolewe. Idadi za punje ziandikwe ubaoni na kuchorwa katika grafu. Baada ya makofi 6 ini litakuwa na punje 1 tu, na nyongo itakuwa na punje zote 64. Darasa lijadili: mashine isikilize baada ya makofi mangapi ili picha iwe safi, na kwa nini haifai kungoja makofi 60?

MASWALI

1. Kokotoa mitetemo ya protoni katika sumaku ya tesla 3. Je, imo katika bendi ya FM?

2. Eleza kwa nini umanjano wa macho peke yake hautoshi kuthibitisha kuzibika kwa mfereji kwa mgonjwa wa selimundu.

3. Wimbi la ute fulani hupungua kwa nusu kila milisekunde 140. Baada ya milisekunde 700 itabaki sehemu gani?

4. Donge la tumbo lina mistari 192 kwa tabaka 64, na kila pigo huleta mwangwi 96. Tafuta muda wa kipimo kwa mgonjwa apumuaye kila sekunde 5, kisha muda wa mgonjwa anayezuia pumzi, ikiwa hupimwa mstari 1 katika kila 16 na mapigo hufuatana kila sekunde 2.

5. Makopo ni 64, na punje ya dhahabu ni moja. Maswali mangapi yatatosha? Je, njia hiyo ingefaa ikiwa nusu ya makopo yana dhahabu? Toa sababu, na uhusishe jibu lako na picha ya mifereji ya nyongo.